Nimeomba Kura Bila Msemaji

Jumatano, 2 Julai

Baridi. Mashine imewaka saa kumi na mbili na nusu, wateja wamejaa benchi lote la nje na wengine wamekalia magunia yao. Mpunga wa Kakese mwaka huu mzuri, punje ndefu, haukatiki ovyo. Mkanda umekatika mara moja nikaufunga mwenyewe. Fundi hapokei simu.

Mchana nimefunga mapema. Nikaoga kutoa vumbi la pumba, nikavaa kitenge cha kanisani, nikaenda mjini kuchukua fomu ya ubunge.

Naandika tena nione linavyokaa. Nimechukua fomu ya kuomba chama kinipitishe kugombea ubunge. Mimi Konsolata, Mama Neema, mkoboa mpunga. Kijana wa pale ofisini aliniuliza kama nimetumwa kumchukulia mtu.

Masanja nimemwambia jioni, ng'ombe wakiingia. Mume wangu ni Msukuma wa taratibu, habari kubwa huipokea baada ya kumaliza kazi iliyo mkononi. Alifunga zizi kwanza. Kisha akauliza nikipita, nani ataangalia mashine. Nimelichukua hilo kuwa baraka.

Alhamisi, 3 Julai

Habari imesambaa kabla sijanywa chai. Kila mwenye gunia leo ameniuliza kwa nini. Wa kwanza nilimjibu nataka barabara. Wa pili maji. Wa tatu nilikuwa nimechoka nikamwambia nasikia bungeni kuna viti laini.

Hapa daftarini sina wa kumdanganya. Nimekaa Kakese tangu nilipoolewa. Watoto wangu wamezaliwa hapa, mmoja nimemzika hapa. Lakini mtu akinikasirikia, iwe foleni ya mashine au mpaka wa shamba, neno la kwanza linalomjia mdomoni ni mkimbizi. Mimi sijawahi kukimbia popote. Waliokimbia Burundi ni wazazi wangu. Mimi nilizaliwa Litapunga, kwenye makazi ya wakimbizi, nikaja Kakese kwa harusi, tena nimepanda lori na ngoma zinapigwa.

Nataka watu wa Kakese waniite wa kwao. Waseme mbele za watu, wasininong'oneze jikoni. Ubunge nautaka pia, sitajifanya mtakatifu. Ila hilo ndilo linaloninyima usingizi, na nimeona kura ndiyo njia ya kuwauliza.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya misa nimepanda pikipiki hadi Litapunga kumwambia Baba.

Nimemkuta anapukuchua mahindi na Mzee Zakaria, rafiki yake tangu walipovuka mpaka wakiwa vijana. Mzee Zakaria ndiye msemaji wa ukoo wetu. Kwetu mwenye shida hajisemei. Anayeomba mke, anayeomba shamba, anayeomba msamaha, anakaa kimya na mtu mwingine anasimama kumsemea. Msemaji ndiye anayetaja uzuri wake, msemaji ndiye anayeomba. Na baadaye, ukipewa au ukinyimwa, msemaji ndiye anayerudi kushukuru. Siku ya posa yangu mabenchi mawili yalitazamana, wenyeji upande wao na wageni upande wao. Wasukuma walisemewa na mjomba wa Masanja, sisi tulisemewa na Mzee Zakaria. Baba hakutoa neno hata moja, na hakuna aliyeona ajabu. Angesema angeonekana mlevi.

Nilipomaliza kueleza, Baba aliendelea na mahindi yake. Gunzi moja, la pili. Kisha akasema, "Konso, sisi hapa tumekaa kwa kutosikika. Sasa wewe unataka kwenda kupiga yowe."

Nikamwambia mimi ni raia na yeye ni raia, na siku ile ya kupewa uraia alivaa koti kutwa nzima juani. Akasema koti bado analo. Nikamwomba basi anipe Mzee Zakaria aje Kakese kwa siku mbili tu, anisemee kwa wazee wa pale. Akakataa. Mzee Zakaria alikuwa tayari, nilimwona machoni, lakini haondoki bila Baba kumwambia nenda.

Nimerudi na mahindi, maharage na hasira. Vumbi mpaka kwenye meno.

Jumamosi, 19 Julai

Nimehojiwa na kamati. Walikuwa na adabu. Waliuliza elimu, kazi, uanachama. Waliuliza wazazi nimewapata wapi, nikacheka, wakacheka, nikaeleza. Nilipotoka nikakaa kwenye ngazi kama nafunga kiatu. Sikuwa na kiatu cha kufunga, nilivaa ndala za ngozi.

Masanja ameniambia wasiporudisha jina langu atanichinjia mbuzi wa kunipoza, na wakilirudisha atachinja mbuzi huyo huyo. Mbuzi amejificha siku mbili hizi.

Jumanne, 22 Julai

Jina limerudi!

Tumebaki watano. Mheshimiwa anayetetea kiti chake. Mkandarasi mmoja wa mjini. Mwalimu Kasimba, mstaafu, aliyefundisha nusu ya wilaya hii. Kijana mmoja mwanasheria aliyetoka Dar juzi, wote wanamwita Wakili. Na mimi. Mwanamke peke yangu.

Nimepiga simu Litapunga. Baba akasema amesikia, akauliza hali ya maharage. Nimemjibu yameiva haraka. Nimekata simu, nikalia kidogo nyuma ya pumba, nikarudi kwenye mashine.

Mbuzi ameliwa.

Jumapili, 27 Julai

Tumeitwa kupewa utaratibu. Wagombea tutazungushwa pamoja na chama, tawi kwa tawi, gari moja. Hakuna kampeni binafsi. Mbele ya wanachama kila mmoja anajieleza dakika tatu, kisha anaulizwa swali moja. Kengele ikilia unakaa. Hairuhusiwi mtu mwingine kumsemea mgombea.

Hapo pa mwisho msimamizi alipasoma haraka haraka, kwa wengine palikuwa pa kawaida. Kwangu hapana. Sijawahi kusimama nikajisifu. Hata kanisani nikisoma somo huwa nasahau kutaja jina langu.

Jumatatu, 28 Julai

Tawi la Magamba. Nimejiharibia mwenyewe.

Kura ya kupanga zamu imeniangukia mimi kuwa wa kwanza. Uwanja umejaa, wanawake wengi, nikajipa moyo. Nimesimama, nimesalimu, nimeanza kama nilivyolelewa: anayekuja kuomba hutaja kwanza uzuri wa waliokaa naye. Nikasema Mheshimiwa ametuletea kisima, tumshukuru. Makofi. Nikasema Mkandarasi ni mtu wa watu, kwenye misiba tunamwona. Nikasema Mwalimu Kasimba ametufundishia watoto. Nikasema Wakili ni kijana mwerevu, mama yake amezaa. Nikavuta pumzi nifike kwangu, na nikakumbuka kwamba hapa kwangu ndipo msemaji huingia. Nikageuka. Kweli niligeuka nyuma, kana kwamba Mzee Zakaria yupo.

Kengele ikalia.

Uwanja mzima ulicheka, si kwa ubaya, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Hata swali la kuniuliza lilikosekana. Baada yangu Mheshimiwa alisimama akaanza kwa kunishukuru. Wakili naye kwenye gari akaniambia, "Mama umetisha, umempigia debe mshua bure kabisa." Mwalimu Kasimba alinionea huruma. Alisema huku kwenye siasa kila mtu ni mshenga wake mwenyewe.

Nina hasira na mimi. Nina hasira na Baba. Nina hasira na mahindi yake.

Jumanne, 29 Julai

Matawi ya mjini. Nimejaribu kujisifu. Nimesema mimi ni mchapakazi, mimi ni mwaminifu, mimi ni mama mwenye upendo. Nikajisikia nikisema, sauti ikawa kama ya yule anayeuza dawa ya kunguni stendi. Watu walitazama simu zao. Nikamaliza kabla ya kengele, nikabaki nimesimama dakika nzima iliyobaki. Niliulizwa nitafanya nini kuhusu bei ya mbolea. Hapo nilijibu vizuri, lakini wengi walishageuza shingo kumtafuta Mkandarasi.

Jioni Masanja amerudi mnadani na maneno. Kule wanasema nimepandikizwa. Kwamba Mheshimiwa ameniweka nigawe kura za akina mama, na ushahidi ni Magamba, si nilisimama nikamsifia mbele ya umma? Masanja aliwaambia mkewe alikuwa na adabu tu. Walicheka wakamwambia adabu gani hiyo kwenye uchaguzi.

Nani atanielewa? Ningemweleza nani kwamba nilikuwa nasubiri msemaji?

Jumatano, 30 Julai

Leo hatukuwa na ratiba. Mashine nimeiwasha, benchi la nje tupu. Kwa muda wa saa nne nimekoboa gunia moja, tena la mgeni aliyepotea njia. Wateja wangu wamepeleka mpunga kwenye mashine ya ng'ambo ya barabara. Wale akina mama niliowakobolea msimu mzima wakipita wananisalimia huku wanatembea.

Nimefagia. Nimepaka mashine grisi ambayo haikuihitaji.

Mama Neema, umetaka kuwauliza. Hawa ndio wanajibu.

Kesho ni Kakese. Tawi langu. Nikiaibika kesho sina pa kurudi jioni ila hapo hapo.

Alhamisi, 31 Julai

Sijui niandike nimeshinda au nimeshindwa.

Nimesimama wa tatu. Sikumsifia mtu, sikujisifu. Nimewaambia ninyi mnanijua, nimewatajia mambo matatu ya kufanya, soko la mpunga, ghala, na barabara ya mashambani isiyozama masika. Nimesikia watu wakitulia. Akina mama wa mbele walikuwa wananitazama usoni. Kengele ikanikuta nimemaliza sawasawa.

Msimamizi akaomba swali. Akanyoosha mkono Mzee Kashindye.

Mzee Kashindye ni mwenyekiti wa tawi na jirani yangu. Ua wetu ni mmoja, kuku wake wanataga kwangu. Mkonongo, babu zake walikuwa hapa kabla ya reli. Nikashusha mabega nikajua nitasaidiwa.

Akasema, "Mama Neema, kwenu wapi?"

Damu ilinipanda nikaisikia masikioni. Mbele ya watu wote, na mtu ambaye jana nimemgawia pumba za nguruwe.

Nikamjibu, "Mzee Kashindye, msimu wote umeniletea mpunga nikakoboa. Ulipokuja na gunia hukuniuliza kwetu wapi."

Walilipuka. Walicheka, walipiga makofi, vijana wa nyuma walipiga miluzi. Ndiyo makofi makubwa niliyopata tangu tuanze. Mzee Kashindye aliinamisha kichwa akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akakaa.

Dakika ile nilijisikia kama niko bungeni tayari. Kufika kwenye gari utamu umeisha. Nimemwaibisha mzee kwenye tawi lake. Baba angesikia, asingenisalimia.

Masanja amesema neno moja tu usiku wa leo. "Umemshinda. Lakini kura iko mfukoni kwake."

Ijumaa, 1 Agosti

Asubuhi nimekwenda uani. Mzee Kashindye alikuwa anawamwagia maji miche ya mapapai kwa kopo. Nimepiga goti nikamwamkia. Ameitikia marahaba vizuri kabisa, jambo lililonitisha.

Nilitaka kuanza kuomba radhi akanikatiza. Amenieleza taratibu, bila kuniangalia, maji yakidondoka. Kwamba kwenye tawi, nyuma ya migongo, swali hilo linatembea tangu nichukue fomu. Linatembea kwa pombe, linatembea kwa kahawa. Yeye aliona bora aliulize mwenyewe, mchana, mbele ya wote, nikalijibu mara moja likaisha. Alikuwa anasubiri niseme kwetu ni Kakese. Basi. Angesimama yeye kama mwenyekiti aseme mmesikia wote, swali limefungwa.

"Nilikufungulia mlango, mama," alisema. "Wewe ukanipiga nao."

Niliokota kopo jingine nikamwagia mapapai upande wangu.

Ninachojiuliza ni kitu kimoja. Angeniuliza tena sasa hivi, ningeweza kusema kwetu ni Kakese? Mdomo ungekubali? Mimi mwenyewe nimezoea kupaita hapa kwa mume wangu. Nimesema hivyo maisha yangu yote ya ndoa. Naenda nyumbani, maana yake Litapunga. Narudi kwa mume wangu, maana yake hapa. Halafu nawakasirikia watu.

Jumamosi, 2 Agosti

Kura.

Foleni ndefu tangu asubuhi, watu wamejifunga mashuka kwa baridi. Hairuhusiwi kusalimia sana, kwa hiyo tumesalimiana kwa nyusi. Nimepiga kura yangu. Nimeona kama nafanya dhambi. Kujipigia kura mwenyewe! Mzee Zakaria angejificha uso. Nimejipigia hivyo hivyo.

Masanja ametoka kwenye chumba akiwa amenyoosha kiuno, akanipita bila neno, sheria ni sheria. Ng'ombe leo wamechelewa kutoka zizini na hakulalamika.

Mzee Kashindye alikaa mlangoni kama mwenyekiti, akikagua kadi. Kadi yangu aliitazama kama hajawahi kuniona, akanirudishia kwa mikono miwili.

Wanahesabu. Nimerudi nyumbani. Nimepika ugali ukawa maji.

Jumapili, 3 Agosti

Kura hazikutosha.

Ndivyo wanavyosema kwenye redio mtu akianguka, na leo nimejua kwa nini. Ni neno lenye huruma. Mheshimiwa amepita kwa mbali. Mkandarasi wa pili, Mwalimu wa tatu, mimi wa nne. Wakili wa mwisho, amenitumia ujumbe wa kucheka wenye vidole gumba.

Kakese nimepata kura kumi na moja. Kumi na moja kwenye tawi langu. Moja ni yangu, moja naamini ya Masanja.

Tangu mchana watu wanamiminika kunipa pole, na kila anayeingia ananihakikishia kwa kiapo kwamba yeye alinipa. Mama muuza dagaa alinipa, na wanawe. Kwaya yote ilinipa. Kijana anayekoboa ng'ambo ya barabara alinipa. Wamekunywa uji sufuria mbili. Ningezipata kura zote zilizoapiwa sebuleni kwangu, sasa hivi nashona suti ya Dodoma. Masanja alikuwa anaitikia kila kiapo kwa heshima, ahsante sana, ahsante sana, mpaka ilibidi niingie ndani nicheke kwenye mto. Kisha kicheko kikageuka, nikalia kwenye mto huo huo.

Mzee Kashindye alipita jioni. Hakuapa. Alisimama mlangoni akasema pole, akauliza kama mashine inafanya kazi kesho.

Nimeumia. Sina namna nyingine ya kuandika. Niliuliza, na wamenijibu, hesabu ninayo.

Jumatano, 6 Agosti

Mashine. Wateja wamerudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanabishana foleni. Leo mmoja alikasirika, nikamsubiri aseme lile neno. Akasema mashine yangu mbovu. Nilikaribia kumshukuru.

Baba hajapiga simu. Mimi pia sijapiga.

Jumapili, 10 Agosti

Tumetoka misa nimekuta pikipiki mbili uani kwangu na wazee watatu wamesimama kivulini mwa banda la mashine, wamekataa kukaa. Baba, Mzee Zakaria, na mzee mwingine wa Litapunga aliyebeba mkungu wa ndizi. Dumu la pombe ya ndizi liko chini, limefungwa jani mdomoni. Baba amevaa koti. Lile la siku ya uraia. Jua la saa sita na amefunga vifungo vyote.

Tangu nimeolewa Baba hajawahi kuja Kakese. Hata msiba wa mtoto wangu alituma watu, alikuwa mgonjwa.

Nikapiga goti. Akanigusa kichwa. Hakusema neno na mimi nikaelewa mara moja kwamba hakuja kuzungumza. Amekuja na msemaji.

Masanja naye alielewa, alishapita njia hiyo. Akatuma kuita majirani. Wakaja akina mama wa mpunga, wakaja wazee wa tawi, muuza dagaa, Mzee Kashindye na fimbo yake. Masanja akalitoa benchi la wateja akaliweka upande mmoja, akaazima lingine kwa Mzee Kashindye akaliweka upande wa pili, yakatazamana. Wazee wa Litapunga wakakaa. Watu wa Kakese wakakaa.

Mzee Zakaria akasimama. Kiswahili chake cha Kirundi kizito, lakini uwanja wote ulimsikia.

Alisema: sisi ni watu wa Litapunga, tumekuja kwa sababu ya aibu. Binti yetu alikuja kwenu kuomba kitu kikubwa, akaja peke yake, kama mtu asiye na wazazi. Aibu hiyo si yake, ni ya kwetu. Alituomba tumsindikize tukaogopa. Akasimama mwenyewe bila msemaji, akageuka nyuma kututafuta, hatukuwepo. Hapo sauti yake ilikatika kidogo. Sijui nani alimpelekea habari za Magamba. Kisha akaanza kunitaja. Kwamba nilipokuwa msichana nilimuuguza mama yangu peke yangu mpaka mwisho. Kwamba nilikuja Kakese sina kitu nikaanza na kinu cha mkono. Kwamba sijawahi kumpunja mtu punje. Kwamba nina hasira, hilo hakulificha, lakini hasira yangu haifiki jioni. Mambo mengine sikujua kama wanayajua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu na sinia, nimeinama kama bikira wa miaka kumi na minane, machozi yanadondoka kwenye vikombe.

Akamaliza kwa kusema hawakuja kuomba tena, kura zimeshaisha. Wamekuja kushukuru. Waliompa, ahsante. Wasiompa, ahsante kwa kumsikiliza. Akakaa.

Kwa desturi lazima upande wa wenyeji mtu asimame ajibu. Masanja hawezi, ni mkwe. Watu wa Kakese wakatazamana. Akasimama Mzee Kashindye.

Alikohoa kwanza. Akawakaribisha wageni, akasema wamepokea shukurani na wamepokea ndizi. Kisha akawa anatazama huku na huku kama anayetafuta mtu.

Mimi nilikuwa nimemaliza kugawa vikombe, na kwa kuwa benchi la Litapunga lilikuwa na nafasi pembeni mwa Baba, nikaenda kukaa pale. Ndiko miguu ilikonipeleka. Nilikuwa nimeshainama nikae.

"Mama Neema," Mzee Kashindye akasema, "hapo ni kwa wageni. Njoo ukae huku na wenzako, nijibu tukiwa wote."

Hakusema kwa sauti kubwa. Alisema kama mtu anayepanga viti. Akina mama wa mpunga wakasogeana, muuza dagaa akapigapiga benchi kwa kiganja. Nikamwangalia Baba. Baba akanisukuma kiunoni kwa ncha ya kidole, polepole, kama alivyokuwa akinisukuma mlangoni nikienda shule.

Nikavuka uani. Nikakaa kati ya muuza dagaa na mke wa Mzee Kashindye, kwenye benchi la mashine yangu mwenyewe, ambalo sijawahi kulikalia kwa sababu ni la wateja. Ubao wake umelegea upande mmoja, kesho niugongee msumari. Mzee Kashindye akaendelea kujibu. Baba alikuwa mbele yangu, upande wa wageni, ameshika kikombe, na hatimaye akafungua kifungo kimoja cha koti.